Uzoefu wangu na vibao vya nukta nundu vya akriliki ya shanga kwenye jengo la fleti

Vibao hivi vya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, nimevifunga kwenye korido, milango ya ngazi na lifti za jengo la kupanga Dar es Salaam, vimetoka karakana moja ya mabango ya hapahapa mjini. Kibao nakipa nyota nne kati ya tano. Huduma ya karakana, mbili. Ukienda na vipimo mkononi utapewa kitu cha kudumu, ukiwaachia waamue wenyewe utapewa pambo la ukutani.

Kibao ni bamba la akriliki, yaani plastiki ngumu. Herufi zilizoinuka zimekatwa kwa mashine na kubandikwa juu yake, na nukta nundu zimepatikana kwa kutoboa matundu madogo na kukandamizia shanga za duara, kila nukta na shanga yake. Shanga ina kipenyo cha milimita 1.6. Nusu inazama, nusu inabaki nje, hivyo nukta inasimama kama milimita 0.8 na kichwa chake kiko mviringo tayari bila fundi kuhangaika. Nukta zinazochongwa moja kwa moja kwenye bamba hutoka na kichwa bapa na kingo kali. Kwa macho hutaona tofauti, lakini mwenye kusoma kwa kidole ataijua papo hapo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yafikike, ila fundi aliye mbele ya mashine anataka milimita. Mimi nashika viwango vya mwaka 2010 vya ADA, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, kifungu cha 703, maana kila kitu humo kinakaguliwa kwa vernia, kile kipimio cha vitu vidogo. Herufi ziwe kubwa zote, zisizo na vimkia vya mapambo kwenye ncha, ziinuke si chini ya mm 0.8, na kimo chake kiwe mm 16 hadi 51. Nukta iwe na kitako cha mm 1.5 hadi 1.6 na kimo cha 0.6 hadi 0.9. Ndani ya seli moja, yaani kikundi cha nukta hadi sita kinachofanya alama moja, kati ya nukta na nukta ni 2.3 hadi 2.5, kutoka seli moja hadi ya jirani ni 6.1 hadi 7.6, mstari hadi mstari ni 10 hadi 10.2. Nukta nundu zikae chini ya maandishi, zikiachana na herufi au ukingo wowote ulioinuka kwa mm 9.5 au zaidi. Hapo ndipo wachoraji wengi wanapochemka. Wanapenda fremu iliyoinuka kuzunguka kibao, halafu mstari wa nukta unabanwa kwenye fremu na kidole hakijui maandishi yanaanzia wapi.

Kuna wanaodhani ADA inalazimisha kibao kwenye kila mlango wa fleti ya mtu binafsi. Hapana. Kwenye nyumba za kupanga za watu binafsi inagusa sehemu zinazopokea umma, kama ofisi ya kupangisha. Maeneo ya pamoja ya wapangaji yako chini ya Fair Housing Act, sheria ya Marekani ya usawa kwenye makazi, kwa majengo ya fleti nne au zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya Machi 13, 1991. Namba za milango mimi naziweka hata hivyo. Mpangaji asiyeona ana shida na ofisi mara moja kwa mwezi, ila mlango wake anautafuta kila siku.

Sasa faili la kompyuta la kuchongea vibao, ambalo ndilo lililoishusha karakana nyota zake. Programu zao zimewekwa kutafsiri kwenda nukta nundu za Kiingereza zilizofupishwa, ambapo alama moja husimama badala ya herufi kadhaa, na ambazo ndizo ADA inazidai kwa vibao vya Kiingereza. Ukiwapa neno la Kiswahili, programu inalifupisha kwa kanuni hizohizo. GHOROFA likatoka na seli tano badala ya saba: "gh" ikawa alama moja, na "of" ya katikati nayo ikamezwa na alama ya neno la Kiingereza. CHINI likatoka na seli tatu, kwa ufupisho wa "ch" na "in". DHARURA limenyofolewa "ar". Andika kwenye oda kwamba unataka tahajia kamili, herufi kwa herufi, na kwamba ufupisho uzimwe.

Kosa lao la pili lilikuwa alama ya namba. Tarakimu za nukta nundu ni herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6. Ikisahauliwa, fleti 204 inasomeka "bjd". La tatu, kwa kuwa maandishi ya juu ni herufi kubwa, programu inapachika alama ya herufi kubwa kwenye kila neno la chini. Haitakiwi huko, isipokuwa mwanzo wa sentensi, majina ya pekee, herufi inayosimama peke yake na vifupisho vya herufi za mwanzo.

Usilipe salio kabla ya kukagua. Weka karatasi nyembamba juu ya nukta, isugue kwa penseli iliyolazwa, kisha linganisha seli moja moja na chati ya alfabeti. Pitisha pamba juu ya mstari mzima. Ikinasa, kuna shanga iliyokaa vibaya au ukingo wa tundu haujasafishwa. Sukuma shanga kadhaa kwa ukucha. Ikicheza, tundu limetobolewa pana na itadondoka. Kisha mpe kibao msomaji wa nukta nundu na umlipe kwa muda wake. Ukaguzi mwingine wote ni maandalizi ya huo.

Kwenye kufunga, kibao kinakaa ukutani upande wa kitasa, si kwenye mlango wenyewe. Mtu aliyeinama kusoma kibao cha mlangoni atapigwa usoni na anayetoka. Kutoka sakafuni hadi mstari wa chini wa herufi zilizoinuka ni kati ya mm 1220 na 1525. Mbele yake kuwe na nafasi tupu ya sakafu ya mm 455 kwa 455, kitovu chake kikiwa kwenye maandishi, nje ya njia ya mlango unapofunguka hadi nyuzi 45. Kwa mlango unaofungukia kwenye korido, katikati ya maandishi iwe kama sentimita 23 kutoka ukingo wa mlango. Mlango wa mbao mbili zinazofunguka zote, kibao kiende kulia kwa ubao wa kulia. Na hapo chini mwambie mlinzi asiweke rafu ya viatu, wala ndoo ya taka, wala mtungi wa kuzimia moto.

Lifti ina masharti yake. Namba ya ghorofa inakaa kwenye miimo yote miwili ya mlango wa lifti, kimo chake mm 51 au zaidi, na ghorofa ya kuingilia inaongezewa alama ya nyota. Ndani ya lifti, alama za kugusa zinakaa kushoto kwa kitufe, si juu yake. Hakikisha pia mlango wa ngazi unasema kile kile kinachosemwa na kitufe. Kitufe kikiwa G na kibao cha ngazi kikisema 1, mgeni asiyeona ameshapotea ghorofa nzima.

Tepu ya pande mbili peke yake haishiki kwenye rangi ya maji, inabandua rangi na kushuka nayo. Kwenye plasta natumia plagi na skrubu za kichwa kinachozama, kwa sababu kichwa kilichoinuka karibu na nukta kinasomwa kama nukta. Toboa tundu la akriliki kubwa kidogo kuliko skrubu na usikaze kwa nguvu, la sivyo bamba linapasuka kutoka tunduni. Kwenye vigae, silikoni inatosha, na tepu inashikilia tu mpaka silikoni ikauke.

Nimelinganisha pia na fotopolima, plastiki inayogandishwa kwa mwanga, ambayo nukta na herufi ni kipande kimoja na bamba. Ni safi zaidi kwa mkono na hakuna shanga ya kudondoka, lakini jua na unyevunyevu vinaipaka umanjano na kuipasua, na kwa majengo ya pwani yenye korido wazi siipendekezi. Vya kuchapwa kwa wino wa tabaka ni rahisi, ila nyingi nilizozipima hazikufika mm 0.6 na zinakwanguka. Vya chuma cha kung'aa chenye herufi za fedha viache: mwenye uoni hafifu haoni kitu. Chagua rangi isiyoakisi mwanga, maandishi meupe juu ya nyeusi au bluu iliyokolea.

Usafi ni maji ya sabuni na kitambaa laini. Thina na petroli vinaitia akriliki nyufa ndogondogo, na msasa wa chuma unang'oa shanga. Kabla ya kupaka rangi ukutani, vifunikwe au vifunguliwe, maana mafundi rangi huvipitishia brashi na rangi inajaza kati ya nukta. Kwenye oda ongeza pakiti ya shanga za akiba za kipenyo kilekile pamoja na kifaa cha kuzikandamizia. Vibao vya miimo ya lifti ndivyo vinavyozimaliza, kwa kuwa hapo ndipo mizigo na magodoro yanapita.