Koti la theluji kutoka soko la Lubumbashi: lipi uchukue, lipi uache

Kila mwaka, kabla ya wanafunzi kupanda ndege pale Luano kwenda Brussels, Montréal, Warsaw au Harbin, kuna mtu wa familia anayetumwa kwenye soko la Kenya, komini (mtaa) ya hapa Lubumbashi, kutafuta "koti nzito". Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Uzito hauleti joto. Joto la mwili linashikwa na hewa iliyotulia ndani ya koti. Upepo unaifukuza hewa hiyo, na maji yanakaa mahali pake. Basi ukisimama mbele ya rundo la tombola, yaani mitumba, jiulize mambo mawili kabla ya kupima unene: je, upepo unapita? Je, maji yanaingia?

Upepo si jambo dogo. Kwa jedwali wanalotumia Kanada, siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa, uso ulio wazi unahisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Manseba wetu, madereva wa pikipiki za teksi, wanalijua hilo bila jedwali. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, Lubumbashi bado iko juu ya sifuri, lakini juu ya pikipiki mikono inakufa ganzi. Tazama wanachovaa wao na walinzi wa usiku, ambao hawavai kwa ajili ya picha. Hao ndio washauri wa kwanza wa koti katika mji huu, tena hawalipishi.

Jambo la pili linawashangaza wengi: nyuzi sifuri zinaweza kukutesa kuliko nyuzi 10 chini ya sifuri. Theluji ya baridi kali ni kavu, unaipangusa begani na inaanguka. Ile ya sifuri ni maji tayari, inapenya begani na kwenye suruali, na ukifika nyumbani umelowa hadi ndani. Ndiyo maana lazima ujue mji unaokwenda. Brussels mwezi wa kwanza huwa na wastani wa nyuzi kama 3 au 4 juu ya sifuri, mvua nyingi, theluji mara moja moja. Montréal wastani ni kama 9 chini ya sifuri, na kwa mwaka huanguka theluji ya karibu mita 2. Harbin, kaskazini mwa China, ni baridi kuliko huko, kama 17 chini ya sifuri, ila hewa ni kavu. Koti moja haliwezi kuwa bora katika miji yote mitatu.

Bei sitaandika. Faranga inapanda na kushuka, na muuzaji anaangalia viatu vyako kabla ya kutaja. Ila msimu naujua: kuanzia mwezi wa tano makoti hupanda bei kwa sababu mji mzima unatetemeka. Mwezi wa nane, jua likianza kuwa kali, wauzaji wanataka kuyaondoa, na mvua zikishaanza yananing'inia bila mtu wa kuyauliza. Anayeondoka mwezi wa tisa au wa kwanza ana bahati: baridi yake haiji pamoja na yetu. Anayekwenda Johannesburg hana bahati hiyo, maana kule wanatetemeka wakati uleule tunaotetemeka sisi.

Nafasi ya kwanza: parka ndefu yenye kofia

Najua wengi wangeanza na dudune, lile koti lililovimba la manyoya ya bata. Mimi naanza na parka kwa sababu inamvumilia mtu ambaye hajawahi kuishi na theluji. Kitambaa cha nje kimefumwa kwa kubana, na ndani kuna pamba ya poliesta ambayo hata ikilowa haipotezi joto lote. Unaifua kwenye beseni kwa sabuni ya kawaida, unaianika, imekwisha. Inafunika makalio na nusu ya mapaja, na anayesubiri basi dakika kumi na tano atakuambia thamani ya hilo. Yale manyoya yanayozunguka kofia, ambayo wengine huyakata wakidhani ni ya kike, yanavunja upepo mbele ya uso. Usiyakate.

Ichunguze hivi. Weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu huku umeweka kiganja upande wa pili: ukisikia pumzi yako mkononi, upepo wa Montréal nao utapita. Mwagia matone ya maji ya kunywa begani. Yakiviringika na kudondoka, vizuri. Yakinywewa palepale, ile dawa ya kuzuia maji imeisha kwa kufuliwa, na bei ishuke. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa, ukianzia chini kabisa, maana meno ya chini ndiyo yanayochoka kwanza. Zipu ikifa, koti zima limekufa, na fundi wa kuweka zipu ndefu ya namna hiyo kule Ulaya anaweza kukutoza kuliko ulivyolinunua. Parka nzuri ina ubao wa kitambaa wenye vifungo juu ya zipu, kamba kiunoni, na ulastiki au sufu iliyofumwa ndani ya pindo la mkono.

Ubaya wake ni kwamba inajaza nusu ya sanduku. Basi usiiweke sandukuni: ipande nayo ndege, umeibeba mkononi. Mizani ya uwanja haitaihesabu, na siku masanduku yakichelewa kufika, wewe utakuwa na koti.

Nafasi ya pili: dudune, koti la manyoya ya bata

Kwa Harbin, kwa Winnipeg ya Kanada, kwa baridi kavu yoyote, hili linapanda hadi nafasi ya kwanza bila ubishi. Hakuna kitu chepesi kinachoshika hewa kama manyoya laini ya kifuani mwa bata. Lakini yakilowa yanalala, na yakilala hayana kazi tena. Mvua ya Brussels ya wiki nzima ndiyo adui yake.

Sokoni kwetu tatizo ni kwamba kila koti lenye mistari iliyovimba linaitwa dudune. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani. Neno la Kifaransa *duvet* ni yale manyoya laini unayoyataka. *Plumes* ni manyoya yenye vijiti, yanajaza lakini hayapashi joto sana. *Duvet* 80 na *plumes* 20 kwa mia ni mchanganyiko mzuri. Ukiona *polyester* peke yake, si bata, na muuzaji asikulipishe bata. Makoti mengine yana namba kama 550, 600 au 700: inaonyesha jinsi manyoya yanavyojitanua, na ikiwa kubwa ni bora.

Kama kitambulisho kimekatwa, libane koti kwa mikono miwili kisha uliachie. Linapaswa kuvimba tena lenyewe, bila kusaidiwa. Halafu liinue kuelekea jua: sehemu inayopitisha mwanga haina kitu, manyoya yamekimbilia chini au yameshikana mabonge kwa kufuliwa vibaya. Vijiti viwili vitatu vinavyochungulia kwenye mshono si neno. Vikiwa vingi, liache.

"Yaya, kuya uone, balo ya leo hii!" kijana wa tombola atakuita. Nenda, lakini balo (robota la nguo) ya leo nayo ipimwe.

Nafasi ya tatu: koti la watu wa kuteleza kwenye theluji

Hili wauzaji wetu hawalijui, kwa hiyo mara nyingi linauzwa kwa bei ya koti la mvua. Utalitambua kwa mkanda mpana wa ulastiki ulio ndani kiunoni, wa kuzuia theluji isipande mgongoni, na kwa mfuko mdogo kwenye mkono wa kushoto. Maji hayapiti, upepo haupiti. Ila limetengenezwa kwa mtu anayekimbia na kutoka jasho, kwa hiyo ujazo wake ni mwembamba na ni fupi. Ukiweka sweta la sufu ndani, Brussels nzima umeimaliza.

Kwa watoto ndilo ningelinunua kabla ya yote, pamoja na salopeti yake, ile suruali yenye mikanda ya mabegani. Mtoto wa Lubumbashi akiona theluji mara ya kwanza hatasimama kuitazama: atakaa ndani yake, atailamba, atagaagaa humo. Akiwa mkavu atacheza saa nzima. Akilowa, dakika tano tu analia na ninyi nyote mnarudi ndani. (Theluji tunayo hata Congo, kule Ruwenzori, kilele cha Margherita kina mita 5,109, ila mtoto wa Katuba, komini nyingine ya hapa, hafiki huko kwa urahisi kuliko anavyofika Brussels.)

Nafasi ya nne: kabuti la sufu

Zuri kwa misa, kwa kutetea memwari (tasnifu ya chuo), kwa mtu anayetaka kupendeza, na sisi Wakongomani tunataka. Sufu ya kweli inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kulowa. Lakini upepo unaingia katikati ya vifungo, kifua kinabaki wazi bila shali, na likinywa mvua siku nzima linakuwa zito kama gunia la makaa. Angalia kitambulisho kisikudanganye kwa akriliki, kisha liangalie kwenye mwanga kama nondo wamekula. Linunue la pili, ukishapata la kazi.

Ya mwisho: koti la ngozi

Vijana wanalipenda, ndiyo maana lina bei. Ngozi inazuia upepo, hilo nakubali. Lakini bitana yake ni kitambaa chembamba tu, linaishia kiunoni, na linabana hadi sweta halina pa kukaa. Lile la jinzi lenye manyoya ya bandia lisingestahili hata mstari huu: nje ni pamba, inanywa maji na haikauki.

Vitu vidogo

Suruali ya ndani ya kubana, hata kwa wanaume. Kaka zangu wanacheka hadi wiki ya kwanza kule. Ipatikane ya sufu au ya poliesta, si ya pamba. Kofia inayofunika masikio. Glavu: zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko za vidole mbalimbali. Hivi vyote vinapatikana kwenye tombola kwa bei ndogo, vimetupwa pembeni kwa sababu hakuna anayevitaka hapa. Viweke kwenye mifuko ya koti siku ya safari.

Usinunue nguo nene moja tu ukadhani imetosha. Ndani ya nyumba, darasani na kwenye metro wanawasha joto hadi nyuzi 20 na zaidi. Mwenye tabaka tatu nyepesi anavua moja. Mwenye moja nzito anatoka jasho, kisha anatoka nje na jasho lake.

Viatu nunua kule

Buti za theluji zinazofika kwetu huwa zimechoka, soli imekuwa ngumu na haishiki barafu. Montréal wanamwaga chumvi barabarani, inaacha alama nyeupe kwenye ngozi na kuipasua, kwa hiyo mpira chini na kitambaa kisichopitisha maji juu vinafaa kuliko ngozi ya kupendeza. Kule kuna maduka ya vitu vilivyotumika, kama Village des Valeurs kwa Montréal na Les Petits Riens kwa Brussels. Usishangae ukikuta ndugu wa koti ulilonunua Kenya ananing'inia pale. Ubelgiji mapunguzo ya bei ya majira ya baridi huanza kisheria tarehe 3 Januari hadi mwisho wa mwezi, na Ufaransa huanza Jumatano ya kwanza au ya pili ya Januari, kutegemea mwaka. Anayefika kabla ya hapo avumilie na kiatu kilichofungika vizuri na soksi mbili.

Na buti ichukue namba moja zaidi ya unayovaa hapa. Soksi ya sufu inataka nafasi, na kiatu kinachobana kinazuia damu kufika kwenye vidole, ambavyo ndivyo vinavyoganda kwanza.