Msitu wa Kakamega: Lango la Buyangu au la Isecheno?

Msitu huu wa magharibi mwa Kenya ni mmoja, wenyewe ni wawili, na wageni wengi hugundua hilo wakiwa wamefika langoni. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Kusini, Isecheno, wenyeji wako ni KFS, watu wa misitu. Tiketi ya huku haikuingizi kule, kwa hiyo amua kabla hujapanda matatu.

Anayetaka utulivu na kulala ndani ya msitu, Buyangu inashinda. Malipo ni ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ukilipia kwa M-Pesa, noti hazipokelewi. Maliza shughuli hiyo ukiwa bado mjini Kakamega, maana chini ya miti mikubwa mtandao si wa kutegemea. Beba kitambulisho, la sivyo bei ya raia utaisikia tu. Matatu za kwenda Kitale hukushusha njia panda, kama kilomita 18 kutoka mjini, kisha unatembea kilomita 2 hivi. Vibanda vya kulala vya Udo's ni vya kujipikia: njoo na unga, sukuma, maji ya kunywa na tochi. Karasinga, yule kima mwenye ndevu nyeupe, hayupo karibu na lango. Yuko Kisere, kipande cha msitu kilichojitenga, na huko nenda na mwongozaji.

Kwa anayekuja kwa siku moja, bora Isecheno. Pitia Khayega hadi Shinyalu, kisha boda. Waongozaji wa huku ndio sababu kubwa ya kuja: watakuonyesha miti kama mutere, na mwiritsa ambao gome lake ni dawa, mizizi ya mukombero, na mtini uliomkumbatia mwenzake mpaka ukamnyonga. Kubalianeni bei na idadi ya saa kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Ugomvi mwingi wa malipo huanzia kwenye neno “tutaongea”.

Saa ndiyo inayoharibu safari nyingi. Mbega hunguruma alfajiri, na ndege turako wa buluu huonekana vizuri kabla ya saa tatu asubuhi. Ukifika saa tano utakuta majani tu, na mchana mvua ya radi ikija, njia ya udongo huteleza kama sabuni. Msitu huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo hata “kiangazi” beba koti.

Tena siafu. Ingiza suruali ndani ya soksi, na usisimame kupiga picha kabla ya kuangalia chini. Wakishapanda, huuma. Kandambili ziache nyumbani.

Kilima cha Lirhanda, upande wa Isecheno, nakipa alama za juu kuliko chochote kingine hapa: juu unaona msitu wote ukitandaa, na ubavuni kuna handaki la wachimba dhahabu, lililobaki tangu enzi za dhahabu ya Kakamega miaka ya 1930. Sasa ni makao ya popo. Inama, tembea polepole, usipige kelele. Bila tochi ni giza na harufu tu.