Fundi wa chini ya mwembe Kimara: klachi ilikuwa inateleza na nina safari ya Ilula

Nilitakiwa kumpelekea mzee pikipiki Ilula, yaani Dar mpaka kule ni zaidi ya kilomita 400 na ule mlima wa Kitonga unaupanda wote. Ni ya cc 150, nimeitumia miaka 4. Siku tano kabla ya safari naona nikivuta resi injini inalia mpaka watu wanageuka ila mwendo uleule, gia ya nne ndo balaa kabisa hasa nikibeba mtu.

Fundi wangu wa siku zote (simtaji, tunakaa mtaa mmoja) akakaza waya wa klachi, tayari bosi, elfu tatu. Kesho yake ikazidi. Nikarudi, sasa ni kabureta, mara ringi zimekwisha, tushushe injini, laki na nusu. Nikamwambia ngoja nijipange kwanza nikasepa.

Boda wa kijiweni ndo kanielekeza Kimara, ndani ndani huko, gereji yenyewe haina bango, ni mwembe, turubai na benchi lililolowa oili. Fundi ni mtu mzima, maneno machache. Nimemaliza kujieleza wala hakugusa spana, kauliza tu, "Unaweka oili gani?" Nikamwambia ile inayobaki kwenye gari la shemeji. Akacheka peke yake pale. Kumbe klachi ya hizi pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za magari ya siku hizi zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, sasa klachi kazi yake ni kung'ang'ania, ukiitia utelezi itashika nini? Akanigeuzia kopo lake nisome nyuma, JASO MA, yaani alama ya oili ya pikipiki isiyotelezesha klachi, akasema tafuta hayo maandishi, achana na picha ya pikipiki iliyoko mbele. Miaka 4 yote hakuna aliyewahi kuniambia.

Halafu akaminya mkono wa klachi kwa kidole kimoja, waya umekazwa hauna plei hata kidogo, ile nafasi ya kucheza kabla klachi haijaanza kuachia, maana yake tangu jana yake natembea klachi imeminywa nusu na inaungua taratibu.

Kufungua kava, harufu! Pleti za chuma zimepiga bluu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kitu kilichonifanya nimwamini ni kwamba kila pleti ya chuma aliilaza juu ya kipande cha kioo akaibonyeza pembeni, ikichezacheza basi imepinda, anaitupa kule, hakukisia kwa macho. Zile mpya akaziloweka kwenye kopo la maziwa lenye oili kabla ya kuzifunga, gasketi ya zamani akaikwangua na wembe polepole mpaka chuma kikang'aa.

Gharama: pleti 28,000, oili 14,000, gasketi 3,000, ufundi 15,000. Jumla elfu sitini, linganisha na ile laki na nusu.

Sasa mabaya yake. Muda hana kabisa huyu mzee. Kaniambia njoo saa nane, nafika kava liko wazi vilevile, yeye yuko Kariakoo anatafuta gasketi, karudi saa kumi na mbili jioni wala hana habari. Risiti sahau. Na Chalinze nasimama kunywa maji naona kiki inachezacheza, bolti hakuikaza, bahati nilibeba spana, ningeiacha barabarani ile.

Klachi yenyewe sina la kusema. Kabla hajanipa alinipakia nyuma tukapanda kilima cha pale mtaani kwa gia ya tatu, mwendo mdogo, akavuta resi ghafla kusikiliza kama injini itakimbia peke yake. Haikukimbia. Safarini Mikumi nilitambaa na yale matuta na twiga pembeni, ila Kitonga nimepanda na begi pamoja na bomba la mzee la kupulizia nyanya, malori yanavuta kwa shida, mimi gia ya pili, nikiongeza resi naisikia inasukuma kiunoni.

Mzee kapokea, nimemwandikia JASO MA kwenye karatasi nikaibandika chini ya siti.

Nampa nyota 4. Simu yake hata ukipiga haipokei, nenda asubuhi kabla ya saa tatu, na usiende siku moja kabla ya safari.