Kitengo cha Sheria cha halmashauri: nawapa nyota nne kwa tano, ila mjue kwanza wanamtetea nani

Wenye vizimba na fremu za halmashauri hii inawahusu. Wengi tukisikia mwanasheria wa halmashauri tunamjua kwa barua za kuhama basi, kumbe pale ofisini kwake unaweza kwenda ukaeleweshwa mambo na hulipi hata mia. Kikundi chetu cha sokoni tulienda kwa ajili ya mikataba mipya ya pango na kwa kweli tulipokelewa vizuri, jina la halmashauri naliacha.

Ila yule sio wakili wako jamani. Anamshauri mkurugenzi, wakuu wa idara na madiwani, anaandaa mikataba yao, anapitia rasimu za sheria ndogo (zile zinazotungwa na halmashauri yenyewe) na kesi ikienda mahakamani yuko upande wa halmashauri. Na alituambia hivyo mapemaaa kabla hata hatujakaa vizuri, kwamba mkataba ameuandaa yeye kwa niaba ya mkurugenzi, atatueleza kila kifungu kinasema nini lakini tukitaka kuupinga tukatafute wakili wetu. Mimi hapo ndo nikamuamini.

Akaanza kusoma kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili cha kawaida, na kwenye kile cha kukataza kupangisha mtu mwingine watu wakanyamaza, maana pale kwetu wapo kibao wanaolipa kodi kwa mtu wa kati ambae ndo jina lake liko halmashauri, yeye analipa kidogo huko juu wao wanamlipa karibu mara mbili. Kumbe siku halmashauri ikivunja mkataba na huyo mtu, wewe unayeuza nyanya pale kila siku huna karatasi hata moja ya kukutetea!! Mama mmoja amekaa kwenye kizimba miaka na miaka hakuwa anajua hilo, iliniuma sana.

Tukauliza na ushuru. Tozo ya halmashauri inatakiwa iwe kwenye sheria ndogo iliyotungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, na ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo mkusanyaji akikutajia kiwango usichokielewa omba namba ya Tangazo la Serikali. Mwanasheria alitoa faili akatuonyesha viwango vyetu, tukapiga picha na simu.

Kuna mwenzetu alikuwa anataka kuishtaki halmashauri, akaambiwa utaratibu bila kuzungushwa: tangu marekebisho ya sheria ya 2020 notisi ya kusudio la kushtaki ni siku 90 (zamani ilikuwa mwezi mmoja), nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali (anayesimamia kesi za serikali mahakamani), kesi inafunguliwa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, ukimuacha kesi inakwama hata kama una haki. Fikiria anakupa maelezo hayo mtu ambae kesho ndo utakutana nae upande wa pili. Asiye na hela ya wakili aliambiwa awaone wasaidizi wa kisheria, sio mawakili ila wamefunzwa kusaidia watu mambo ya sheria, wanatambulika kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya kusubiri. Wanasheria ni wachache, leo yuko mahakamani kesho kikao cha madiwani, na barua ikishaingia masijala unaweza kukaa wiki hujui iko meza gani, kwa mtu anayefunga biashara ili aje pale hiyo ni hasara. Nendeni asubuhi, barua yenu iwe na nakala mbili na hiyo moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Na viwango vya ushuru vibandikwe pale getini sokoni, tumeshawaomba hilo kwa maandishi na tunasubiri majibu.