Mguu uliokosa damu: kuunga mshipa au kukata?

Lori limeponda mguu, mshipa mkubwa umekatika. Kuunga damu irudi ndo kila mtu anataka, na kama hayajapita masaa 6 hivi misuli mara nyingi inapona, ila ukichelewa ile damu ikitoka mguuni inarudi mwilini na potasiamu, asidi na chembe nyeupe za damu zilizochachamaa, inapita moyo upande wa kulia afu kituo cha kwanza ni mapafu, vimishipa vya kule vinaanza kuvuja maji, mgonjwa anahema juu juu, oksijeni inashuka mpaka anawekewa mashine. Kukata kunauma roho jamani, lakini sumu nyingi inaondoka na mguu wenyewe. Mi misuli ikishakufa na kukakamaa, bora kukata. Kabla ya hapo unga, tena haraka.