Mita ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye pikipiki ya zamani: ya kebo au ya umeme?

Mshale ukifa au ukirukaruka, utashauriwa ung'oe mita ya kebo ufunge ya umeme. Pima kwanza.

Fungua nati ya kebo nyuma ya mita, washa injini, utazame waya wa ndani. Ukizunguka, mita ndiyo mbovu. Usipozunguka, umekatika, ncha yake ya pembe nne imelika, au gia inayouendesha imekwisha meno. Mshale unaotetemeka kwa kawaida ni kebo kavu au iliyopindwa sana. Chomoa waya, usafishe kwa mafuta ya taa, paka grisi kidogo, ila sentimita 15 za juu ziache kavu: grisi hupanda na mzunguko mpaka ndani ya mita, na hapo hutaiokoa. Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, kununua kebo, beba ile ya zamani mlinganishe urefu na ncha zote mbili.

Ya umeme haina kebo ya kulika, lakini ina nyaya tatu: volti 12 kupitia swichi, athi (waya unaofungwa kwenye fremu), na ishara kutoka kwenye koili ya cheche. Ikisumbua, anza na athi. Kutu ndiyo adui. Ikisoma maradufu, injini inatoa cheche kila mzunguko na mita inahesabu cheche moja kwa mizunguko miwili, badilisha mpangilio wa mita. Kwenye pikipiki za CDI (mfumo wa cheche unaotumia kapasita), waya wa koili una volti mia kadhaa, na mita isiyotengenezewa hiyo huungua.

Injini yako ikiwa bado ina tundu la kebo, mimi ningebaki na kebo. Ni rahisi, na hata betri ikifa mshale husoma.