Nimelipia Makerere, nimelipia Muni

Nauza vitenge sokoni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwanangu wa kwanza aliingia Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, mwaka 2018 kusoma sheria. Dada yake akaanza uuguzi Chuo Kikuu cha Muni, hapa hapa Arua, mwaka 2022. Stakabadhi zote ninazo kwenye kopo la biskuti, kwa hiyo ninayoyasema nimeyalipia.

Wazazi wenzangu hunijia kibandani na swali lile lile: nimpeleke Kampala au abaki nyumbani? Kwanza nawaambia karo ya kwetu haiulizi umetoka wilaya gani. Shemeji yangu aliyeko Marekani alishangaa kusikia hivyo, maana kule chuo cha jimbo huwapunguzia watoto wa wakazi wake, na anayetoka jimbo jingine anaweza kulipa mara mbili au hata tatu kwa kozi ile ile. Hapa mtoto wa Arua na wa Mukono wanaojilipia kozi moja wanalipa sawa. Kinachomuumiza mzazi ni kitanda, chakula na basi.

Kitanda ndicho kilichonitoa machozi. Kijana hakupata nafasi bwenini, tukamtafutia hosteli Kikoni, mtaa ulio jirani na chuo, chumba cha watu wawili, kodi ya muhula mzima mkononi kabla hajaingiza hata godoro. Machi 2020 korona ikafunga vyuo vyote, akarudi na begi moja. Nilimpigia mwenye hosteli nikimwomba kodi ile ihesabiwe atakaporudi. Akanijibu, "Mama, chumba kilikuwa chake. Kama hakulala, hilo si langu." Nilipokwenda kuchukua vitu, kufuli lilikuwa limebadilishwa na godoro limeegemezwa ukutani kwenye ujia, limelowa upande mmoja, maji yameacha mstari wa kahawia hadi katikati. Nililibeba hivyo hivyo mpaka Arua Park, kituo cha mabasi ya kwetu pale Kampala.

Makerere yenyewe sina kinyongo nayo. Ipo tangu 1922, na kwa mtoto wa sheria hilo lina uzito. Kijana alikesha maktaba, akabishana na wenzake wa Kabale, Mbale na Moroto, akarudi nyumbani anazungumza kwa kituo.

Muni ni changa, ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2013, na imeegemea sayansi. Kaka hakuwa na la kuchagua, maana sheria haikuwamo. Binti alikuwa nalo: uuguzi upo kote kuwili, na shangazi zake walimsukuma Kampala kwa ajili ya jina. Nashukuru alibaki. Boda ni shilingi 2,000, posho na maharage anakula jikoni kwangu. Mwaka 2024 daraja la Karuma, kwenye njia ya Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo na mabasi yakazunguka mbali, wenzangu walikuwa wanahesabu nauli. Mimi nilikuwa namfulia binti sare.

Lakini kubwa kuliko pesa ni wodi. Mazoezi yake alifanyia hospitali ya rufaa ya Arua, kwa wagonjwa anaojua lugha yao. Jioni moja alinisimulia habari za bibi mmoja wa Terego aliyekataa sindano na kuukumbatia mkono wake kifuani. Binti alivuta stuli, akakaa, akamsemesha Kilugbara polepole, akamuuliza habari za mbuzi wake, mpaka bibi akaunyoosha mkono mwenyewe. Nesi gani mgeni angejua kuanzia kwa mbuzi?

Kasoro ya kusomea nyumbani ni sisi wazazi. Mwaka wa kwanza nilimwona binti yupo tu, nikamtuma sokoni, nikamwachia wadogo zake, wageni wakija chai ni yeye. Akafeli somo moja akalirudia. Niliumia sana, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nikamtolea chumba cha nyuma, nikamnunulia meza na taa, na kuanzia saa moja jioni hakuna aliyeruhusiwa kumwita.

Mdogo wao yuko S6, yaani kidato cha sita, na anataka udaktari wa mifugo, kwa hiyo ataenda Makerere. Safari hii mwenye hosteli ataniandikia kwenye karatasi, mbele yangu, pesa yangu itarudije chuo kikifungwa.